Kuhama kwa Utaratibu

Jumatatu, 20 Mei 1974. Kalemie

Nimehesabu mashuka ya wodi ya wazazi kama kila Jumatatu. Moja halikuonekana. Lilikuwa chini ya sinia za dawa. Nimeandika, nimefunga stoo, nimerudi nyumbani kwa miguu.

Baba Zawadi alikuwa amekaa mlangoni mchana kweupe, randa na misumeno yake imepangwa miguuni. Karakana ina wenye mali wapya tangu yule Mgiriki aondoke, na hao wapya wanataka mafundi wa hapa hapa Zaire. Miaka kumi na miwili ametengeneza vitanda vya nusu ya mji huu. Leo ameambiwa ni mgeni.

Hakukasirika. Alisema tu, "Basi twende kwetu."

Kwetu maana yake kwao. Mpimbwe, wilaya ya Mpanda, Tanzania. Sijawahi kufika. Nimesonga bukari, tumekula na samaki. Sikusema ndiyo wala hapana.

Alhamisi, 6 Juni

Nimesema ndiyo. Hapa hana kazi. Mama yake ni mjane, yuko peke yake. Zawadi ana miaka kumi na moja na Anjela minne, na hakuna aliyewahi kumwona bibi yao. Hizo ndizo sababu nilizomwambia mama yangu. Ya kweli ni kwamba nampenda mume wangu na sitaki kumwona amekaa mlangoni.

Mama mkwe namwogopa. Anaitwa Skolastika. Hajui kuandika, katekista humwandikia. Tulipooana alituma barua ya mistari miwili: "Nimesikia umeoa huko. Haya." Mwaka huu imekuja ya pili: "Mpunga unanishinda. Njoo." Mimi sikutajwa. Watoto hawakutajwa.

Baba Zawadi amemwandikia kwamba tunakuja wote wanne, mwisho wa Julai.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa nimeanza orodha. Karatasi tatu: vya kubeba, vya kugawa, vya kuacha. Baba Zawadi ametengeneza makasha saba ya mbao na kuyapiga namba kwa rangi nyeusi. Ndani ya kila mfuniko nitabandika karatasi ya vilivyomo. Ndivyo ninavyofanya stoo, kwa nini nisifanye kwangu.

Mama yangu alikuja, akakaa juu ya kasha namba nne, akapinga kila kitu. Birika la nini, birika liko kila mahali. Blanketi moja halitoshi. Nikamwacha aseme. Nahama kwa utaratibu. Nikihama ovyo nitalia.

Ijumaa, 5 Julai

Anjela amejificha ndani ya kasha na hataki kutoka. Zawadi hataki hata kuyatazama makasha. Amelia kwa sababu ya masomo, yuko wa tatu darasani. Nikamwambia kule wanasoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, hakuna Kifaransa. Akafuta machozi. "Basi nitakuwa wa kwanza."

Ningependa kuwa na moyo kama huo.

Jumanne, 23 Julai

Siku ya mwisho stoo. Nimekabidhi kila kitu kwa msichana mpya: mashuka, sabuni, mabeseni, taa mbili za chemli. Hakuna kilichopungua. Sista Mkubwa amenishika mikono miwili. Nimelia chooni. Kidogo tu. Kisha nimenawa, nikaenda nyumbani kufunga kasha namba saba.

Alhamisi, 25 Julai. Melini

Mama alifika bandarini na dada yangu. Nilidhani atalia. Hakulia. Alikuwa mkali kama siku nilipopotea sokoni nikiwa mtoto.

"Ukifika, andika," alisema. "Usiandike ya uongo. Kama ni kubaya, andika ni kubaya."

"Na kama ni kuzuri?"

"Andika pia. Nitavumilia."

Nilicheka, na nilikuwa bado nacheka meli ilipoanza kuondoka, kwa hiyo kitu cha mwisho alichokiona ni mimi nikicheka. Nashukuru kwa hilo. Sasa nimekaa juu ya makasha. Naona kichefuchefu.

Jumamosi, 27 Julai. Kigoma

Forodhani wamefungua makasha yote saba. Afisa akasoma karatasi kwenye mfuniko wa kwanza, akatazama vilivyomo, akasoma tena. Kufika la tatu akaacha kupekua. "Mama, ungekuja kufanya kazi hapa." Nimefurahi kupita kiasi.

Dirisha la pili halikunifurahisha. Baba Zawadi anaingia kama mwenyeji na watoto wanamfuata yeye. Mimi nimepewa kibali cha miezi mitatu. Kabla ya tarehe ishirini na saba Oktoba nipeleke Mpanda barua ya kijiji inayosema kuna kaya imenipokea. Bila barua, narudi nilikotoka. Yule afisa alieleza bila ubaya wowote. Nimeikunja karatasi nikaitia ndani ya kitabu cha sala.

Jumatano, 31 Julai. Mpanda

Treni hadi Kaliua. Kungoja Kaliua mchana na usiku mzima, tumelala juu ya makasha. Treni nyingine, ndogo, ya polepole, msitu pande zote mbili, hadi mwisho wa reli. Mwisho wa reli ndio Mpanda.

Tumefikia Shanwe kwa Deusi, ndugu yake Baba Zawadi kwa baba mdogo. Mke wake alitupa maji ya kuoga kabla ya kutuuliza habari. Namheshimu. Baada ya chakula Deusi alikohoa mara nyingi. Nikajua kuna jambo.

"Anatoli, kule bondeni hakuna mtu tena," alisema. "Wamehamishwa wote mwezi huu. Wamewekwa kijiji kipya, barabarani."

"Na mama?"

"Na mama. Wote, nimekwambia."

Lori lilikuja asubuhi, kufika mchana bonde lilikuwa tupu. Nchi nzima wanahamishwa hivyo, anasema Deusi, wakae pamoja wapate shule na zahanati. Baba Zawadi alitoka nje akasimama.

Mimi nilifikiria ile nyumba. Miaka kumi na miwili ameniambia habari zake: kibaraza kinatazama mashariki, mlango wa mninga, mpunga hadi macho yanapoishia. Nilikuwa nimekwisha jua kasha gani litakaa chumba gani.

Ijumaa, 2 Agosti. Kijijini

Lori la mchele likirudi tupu limetubeba. Sitalike tumeona viboko wamejazana kwenye tope, wamelaliana. Anjela alitaka tushuke. Vumbi mpaka ndani ya meno.

Kijiji kipya ni mistari. Viwanja vimepimwa kwa kamba, kila kiwanja kigingi, na karibu kila kigingi kibanda cha nyasi. Watu wamekaa mbele ya vibanda vyao kama abiria. Mstari wa tatu, kigingi cha tisa: mwanamke mrefu, mkavu, anatwanga.

Aliacha kutwanga. Alimtazama mwanawe muda mrefu, akamgusa uso. Akawatazama watoto, mmoja mmoja. Halafu mimi.

"Mama Zawadi," alisema.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Hapa si kwangu. Msije mkafikiri hapa ndipo kwangu."

Akaendelea kutwanga.

Jumamosi, 3 Agosti

Makasha yamejaa kibanda, sisi tumelala nje. Baridi kali ya alfajiri. Mama mkwe aliyazunguka makasha mara mbili, akisoma namba kwa kidole ingawa hajui kusoma.

Yeye ana sufuria mbili, mkeka, jembe, kinu na mchi. Basi.

Jumapili, 11 Agosti

Misa chini ya turubai. Nimejulikana tayari. Nikisema bukari wanacheka, ni ugali. Sombe ni kisamvu. Nikisema aksanti, wanawake kisimani wanaitika kwa pamoja, "Aksanti, aksanti!" Hawana ubaya. Nimecheka nao. Zawadi hacheki, ananirekebisha kwa sauti ya chini kama mwalimu.

Jambo moja limenishangaza. Nilidhani nitakuwa mgeni peke yangu kati ya wenyeji. Hakuna mwenyeji. Jirani wa kulia anatoka upande mmoja wa bonde, wa kushoto anatoka ng'ambo ya mto, mbele yetu kuna Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao. Wote wana wiki tano au sita hapa. Hawajui waanike wapi nguo. Moshi wa huyu unaingia kwa yule, kuku wa yule wanakula kwa huyu, ugomvi kila asubuhi.

Mimi nimekaa mjini, nyumba ukuta kwa ukuta. Haya nayajua. Nimemwambia jirani wa kulia tugeuze majiko yote mawili upande upepo unakokwenda. Tumegeuza. Leo hakuna ugomvi mstari wa tatu.

Jumanne, 27 Agosti

Baba Zawadi anafyatua tofali kutwa. Anaimba. Nilikuwa nimesahau kwamba huwa anaimba. Watu wanakuja kumuulizia milango na madirisha, fundi seremala hapa ni yeye peke yake. Mikono yangu ina malengelenge kwa kubeba maji ya tofali. Nalala kama gogo. Nina furaha, sijui kwa nini naona aibu kuiandika.

Mama haimbi. Kila kukicha anachukua jembe, anakwenda bondeni, mwendo wa saa mbili, anarudi jua likizama. Si msimu wa kulima. Baba Zawadi amemuuliza anafanya nini huko. "Nafagia," amejibu.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimemwandikia mama yangu. Nimemwambia kweli: kibanda, vumbi, maji ya mbali, watoto wazima, mimi mzima. Sikumwambia habari ya kibali.

Zawadi ameanza shule. Madarasa mawili yana paa, la tatu ni mti wa mkuyu. Yeye yuko mkuyuni. Amesema ni sawa tu.

Alhamisi, 19 Septemba

Tumekwenda kwa Mwenyekiti wa kijiji kuomba barua. Mtu mpole, amechoka, meza yake ni kreti la soda. Amefungua daftari. Mstari wa tatu kigingi cha tisa ni cha Skolastika, mjane. Kaya ni yake. Kwa hiyo yeye ndiye wa kutamka mbele ya balozi wetu wa nyumba kumi kwamba anaishi hapa na amenipokea, kisha aweke dole gumba. Siku hiyo hiyo barua itakuwa tayari.

Rahisi, nikafikiri.

Jioni Baba Zawadi amemwambia mama yake. Mama alikuwa anachambua mboga.

"Niseme naishi hapa?"

"Ndiyo, Mama. Maneno tu."

"Sisemi."

"Ni kwa ajili ya Mama Zawadi. Atarudishwa kwao."

"Mimi siishi hapa, Anatoli. Niliwekwa hapa. Nikiweka kidole nimekubali, na sikukubali."

Akaenda kulala bila kula mboga zake.

Jumatano, 2 Oktoba

Mume wangu na mama yake hawasemezani. Wanazungumza kupitia Anjela. "Mwambie bibi yako maji yamechemka." Anjela anaona ni mchezo.

Nimemkasirikia Mama. Naiandika wazi. Miaka kumi na miwili ya kimya, na sasa kidole kimoja. Halafu nakumbuka sauti yake aliposema "niliwekwa", na hasira inapungua. Si mimi anayenikataa. Ingekuwa rahisi zaidi kama ningekuwa mimi.

Baba Zawadi anataka Mwenyekiti amlazimishe. Nimemkataza. Huyu mama amelazimishwa vya kutosha mwaka huu.

Siku zimebaki ishirini na tano.

Jumatatu, 14 Oktoba

Joto. Mawingu yanakusanyika mchana na kutawanyika. Balozi amepita kuonya: kiwanja ambacho mwenyewe hakai kitapewa wengine mvua zikianza. Alisema akitazama chini. Ameona Mama anavyotoka kila asubuhi, kila mtu ameona.

Mama alikuwa kisimani, lakini jirani alimsimulia. Usiku wa leo amemkumbatia Anjela muda mrefu kuliko kawaida.

Jumanne, 15 Oktoba

Alfajiri mkeka wa Mama haupo. Wala sufuria zake mbili.

Tuliwaacha watoto kwa jirani, tukaenda. Baba Zawadi alitembea mbele kwa hasira, mimi nyuma. Tulipita kinyesi cha tembo, kibichi. Hapo aliacha hasira akaanza kukimbia.

Ndipo nilipoliona bonde kwa mara ya kwanza. Ni zuri. Hakunidanganya hata kidogo. Lakini nyumba zote hazina paa, zimebaki kuta tu, mahame matupu, magugu yamefika kiunoni. Isipokuwa uwanja mmoja, umefagiwa mpaka unang'aa.

Mama alikuwa amekaa kwenye kibaraza kinachotazama mashariki. Ametandika mkeka ndani ya kuta. Moto unawaka.

Baba Zawadi alianza kupaza sauti. Simba, tembo, mvua, wendawazimu gani huu. Nikamwomba mume wangu akaangalie kaburi la baba yake kama liko salama. Alinielewa. Akaenda.

Nikakaa. Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia mambo mengi na yote yakanipotea. Yeye ndiye aliyeanza.

"Wewe umeacha kwenu. Ziwa, mji, mama yako, lugha yako. Umewezaje?"

"Bado sijaweza, Mama. Ila nilipewa muda. Nilifunga vitu vyangu miezi miwili. Niliaga kila mtu. Nilichagua."

"Mimi nilipewa asubuhi moja," alisema. "Walirusha kinu lorini, wakanirusha na mimi. Kuku walikimbia. Uji ulikuwa motoni. Niliuacha motoni, Mama Zawadi. Katika maisha yangu sijawahi kuacha chungu motoni."

Hakulia. Mimi nililia.

Sikumwambia arudi. Nilimuuliza kitu kingine, sijui kilitoka wapi. Nilimuuliza, "Kama wangekupa muda, ungechukua nini?"

Aligeuka akaitazama nyumba. Kisha akaelekeza kidole. Mlango. Huo wa mninga. Marehemu mumewe aliuchonga mwaka aliooa.

Nilikuwa na penseli. Nyuma ya bahasha kuukuu niliyokuwa nayo nikaandika: moja, mlango.

"Na nini tena?"

Jumatano, 16 Oktoba

Jana tulirudi naye kulala, leo tumekwenda tena wote, na orodha imefika vitu kumi na vinne. Ananitamkia, mimi naandika, kisha ananiambia nimsomee tena tangu mwanzo. Baadhi havibebeki. Nimeviandika hivyo hivyo, kwenye karatasi ya vya kuacha. Makaburi mawili, la mumewe na la mtoto wake wa kwanza aliyekufa akiwa na mwaka. Mwembe. Kivuli cha asubuhi.

"Hata kivuli unaandika?" aliuliza.

"Nimeambiwa vyote."

Alicheka. Nimemsikia kwa mara ya kwanza. Ana pengo upande wa kushoto.

Ijumaa, 18 Oktoba

Siku tatu tunakwenda na kurudi. Mama ndiye anayeamua nini kitangulie, nini kifuate. Mimi ni karani wake. Jana jiwe la kusagia, mtungi mkubwa, nguzo mbili za kihenge cha mpunga. Msukuma wa mbele yetu ametuazima ng'ombe wawili wa kukokota. Leo Baba Zawadi ameng'oa mlango. Alikuwa anaongea nao taratibu kama anayemng'oa mtu jino. Yeye na mama yake wanasemezana tena, hasa wanabishana kuhusu bawaba.

Ameweka misalaba mipya ya mninga kwenye makaburi. Mama amepalilia pande zote, amepanga mawe.

Jumamosi, 19 Oktoba

Siku ya mwisho bondeni. Watoto wamekuja. Mama aliwaonyesha: hapa baba yenu alianguka, hapa alichoma ghala la watu akikaanga panzi. Baba Zawadi alikana. Zawadi alimwamini bibi.

Kisha Mama akafagia. Chumba kwa chumba, nyumba isiyo na paa wala mlango, pembe zote, kibaraza, uwanja. Nilitaka kumsaidia akakataa. Alipomaliza alimwaga maji juu ya majivu jikoni, akasimama mpaka moshi ukaisha. Akaangalia tena. Moto umezimika kabisa.

"Haya," alisema. "Sasa nimehama."

Njiani hakugeuka. Alitembea mbele, mikono nyuma, akituambia shamba hili lilikuwa la nani.

Jumatatu, 21 Oktoba

Asubuhi, kabla sijamwambia kitu, alikuwa amekwisha vaa kitenge kizuri. Tulikwenda wote. Balozi akasoma maneno. Je, Skolastika, unakaa mstari wa tatu kigingi cha tisa?

"Nakaa."

Na huyu umempokea?

"Huyu ndiye aliyenihamisha," alisema Mama. "Andika nimempokea. Nao watoto pia. Na huyo mwanangu, andika tu."

Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta macho. Mama alichovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwa nguvu mpaka kreti likatikisika. Kutwa nzima hakunawa kidole.

Ijumaa, 25 Oktoba. Mpanda

Nimepeleka barua siku mbili kabla ya mwisho. Karani ofisini alinifanya ningoje tangu asubuhi hadi alasiri, kisha akagonga muhuri bila hata kunitazama. Miaka miwili, kisha nitaomba tena. Nilitaka mtu anipigie makofi. Nikanunua sukari robo kilo, hapakuwa na zaidi, na kalamu ya Zawadi.

Nimelala Shanwe kwa Deusi. Mke wake aliupenda muhuri. Aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akasema umegongwa vizuri, haujapinda. Nimeridhika.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli. Nyumba yetu ina vyumba viwili, nyasi mpya juu, na mlango wa mninga ambao ni mkubwa kuliko nyumba inavyostahili. Nyumba haijavuja popote ila juu ya kitanda chetu. Baba Zawadi anasema alijua. Hakujua.

Mama ameniuliza kama nimewahi kupanda mpunga. Nimemwambia kweli, sijawahi. Ameonekana kufurahi sana.

Barua imekuja kutoka kwa mama yangu. Kaandika dada. Birika lao limetoboka, na ananilaumu kwa kulibeba langu.

Jumatano, 20 Novemba

Mgongo. Mgongo. Mgongo. Mama ana miaka yake mingi na ananiacha mistari mitatu nyuma. "Usiiname kama unatafuta sindano," ananiambia. Tumesia kitalu cha miche kwenye tope. Miguu yangu imenyonywa na ruba, wawili. Zawadi amejaribu kuwatoa kwa maneno ya sayansi. Bibi yake amewatoa kwa chumvi.

Nilikula ugali mara mbili ya kawaida yangu.

Jumamosi, 30 Novemba

Asubuhi nimefua, nguo zimekauka kabla ya mvua. Zawadi amekuwa wa pili katika jaribio, amenuna. Mama na Anjela wamekwenda kutafuta uyoga.

Alasiri lori limeleta familia nyingine, kutoka kitongoji cha mbali nyuma ya mlima. Wamepewa kigingi cha kumi, kando yetu. Mume akaenda kuulizia miti ya kujengea. Mke amebaki amekaa juu ya mafurushi yake, mtoto mgongoni, anatazama mistari huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Nikaenda nikamsalimu. Aliniuliza maji yako wapi. Nikamwonyesha. Aliniuliza kuni, nikamwambia upande gani na saa ngapi kuna tembo. Nikamwambia jiko aliweke upande huu, si ule.

"Dada, wewe ni mwenyeji hapa?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

Nikampokea mtoto, yeye akachukua ndoo, tukaenda kisimani.